Jinsi ya kuandika riwaya ya bibi anayesahau wakati wa vita: Tanga, 1914

Bibi yangu mzaa mama alikuwa anafunga kifurushi kila siku jua likielekea magharibi. Kanga mbili, msala, chanuo, na kipande cha mkate kilichobaki asubuhi. Akishakaza fundo anatoka barazani na kusema, "Nisindikizeni basi, giza linaingia, kwetu watanitafuta." Tulikuwa Ngamiani, mtaa wa Tanga, katika nyumba ileile aliyoolewa na kuzalia watoto wake wote. Mwaka mzima nilimjibu, "Bibi, hapa ndipo kwenu." Kila nilipomjibu hivyo alilia. Siku moja shangazi alikuwapo, akamwuliza tu, "Huko kwenu kukoje, mama?" Bibi akakiweka chini kifurushi, akaanza kueleza kisima, njia ya kwenda kisimani, na mbwa wa jirani aliyekuwa akimwogopa. Tulimsikiliza mpaka isha. Hakutaja tena kuondoka jioni ile.

Swali la shangazi ndilo lililonifanya nianze kuandika riwaya, na ndilo ninalotaka ulibebe katika hatua zote za mwongozo huu. Bibi anayesahau hajawa mtupu. Yuko mahali, ana mwaka wake, ana sababu zake. Kazi ya mwandishi ni kumfuata huko aliko.

Nimechagua Tanga na vita vya 1914, yaani Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, kwa sababu mji ni wangu, na kwa sababu mwanamke mzee wa mwaka ule alikuwa ameshaona meli za kivita bandarini humu miaka 26 kabla. Kichwa kimoja kina vita viwili. Hazina kubwa kuliko hiyo kwa mwandishi siijui.

Hatua ya kwanza: piga hesabu ya umri

Kabla ya sentensi ya kwanza chukua karatasi. Bibi wako ana miaka 70 mwaka 1914; basi kazaliwa karibu 1844. Panda naye mwaka kwa mwaka. Akiwa na miaka kumi hivi, misafara ya watumwa kutoka upande wa Ziwa Nyasa inateremka Kilwa. Akiwa mwanamke mzima, mashamba ya miwa kando ya mto Pangani yanalimwa na watumwa, na sukari yake inachemshwa hukohuko. Mwaka 1873 Sultani Barghash anafunga soko la watumwa Unguja. Agosti 1888 kampuni ya Kijerumani inaanza kushika miji ya pwani iliyokodi kwa Sultani, na Septemba manowari Möwe inaipiga Tanga mizinga. Julai 1889 majeshi ya Wissmann, mjumbe wa serikali ya Ujerumani, yanaingia Pangani na Tanga. Desemba mwaka huohuo Abushiri bin Salim, aliyeongoza watu wa pwani kupigana na Wajerumani, ananyongwa Pangani. Mwaka 1893 reli inaanza kujengwa kutoka Tanga kwenda bara, na mwaka huohuo mkonge unaletwa nchini.

Sasa amua alikuwa nani. Mimi nakushauri asiwe binti wa nyumba kubwa ya kiungwana, hao wameandikwa. Mfanye mtoto wa Kiyao aliyeteremshwa Kilwa, akapakiwa jahazini mpaka Pangani, akafanya kazi kwenye miwa, kisha akaja Tanga na waliommiliki. Mpe jina alilopewa pwani, yale majina waliyopewa watumwa kama Faida au Zafarani. Jina la kwanza, alilopewa na mama yake, lijue wewe peke yako na usiliandike kabla ya nusu ya kitabu.

Jambo moja la sheria ujue, maana watu wengi hulikosea: Wajerumani hawakuufuta utumwa. Walitangaza kwamba watoto wa watumwa watakaozaliwa baada ya tarehe 31 Desemba 1905 watakuwa huru, na waliokwisha kuzaliwa wakabaki kutegemea kujikomboa au kuachiwa huru kwa hati. Utumwa ulifutwa kabisa Tanganyika mwaka 1922, chini ya Waingereza. Kwa hiyo bibi Faida mwaka 1914 anaweza kuwa na hati ya uhuru ndani ya kopo, au asiwe nayo. Amua mapema. Riwaya nzima itaegemea kopo hilo.

Hatua ya pili: ujue usahaulifu unavyokwenda

Hapa ndipo riwaya nyingi zinapoharibika. Mwandishi anamfanya mzee asahau chochote panapomfaa yeye mwandishi, na msomaji aliyemuuguza mzee nyumbani anafunga kitabu ukurasa wa kumi.

Maradhi haya huanza na ya karibuni. Mzee anasahau kama amekula, lakini anakumbuka nani alikula naye siku ya harusi yake. Anauliza jambo lilelile mara nne, na kila mara kwake ni mara ya kwanza. Hivyo usimwandikie aibu kwa kurudia, aibu ni ya wanaomsikiliza. Jioni hali huzidi. Anamwita mjukuu kwa jina la dada yake aliyekufa, maana sura inafanana na mwaka aliomo yeye. Anaficha vitu ili visiibwe, anasahau alipovificha, kisha anasema vimeibwa, na anayeshutumiwa karibu kila mara ni yule anayemwogesha na kumlisha.

Tazama jinsi hilo la mwisho linavyokutana na hatua ya kwanza. Faida anaficha hati yake ya uhuru. Ana haki ya kuificha. Bila hati hiyo, zamani, mtu angeweza kumshika mkono na kumuuza. Anaitoa kwenye kopo, anaichomeka kwenye makuti ya paa, asubuhi kopo ni tupu. Anampigia kelele Mwanaidi, mjukuu wake wa miaka kumi na minne: "Umeniuza!" Msichana hajui hata neno hilo linatoka wapi, kwa sababu nyumbani hapajawahi kusemwa kwamba bibi alikuwa mtumwa. Dalili ya ugonjwa imefungua siri ya ukoo, na wewe hujalazimisha kitu.

Vinavyobaki mwisho ni vya mikono na vya ulimi uliozoea: kusuka ukili, kukuna nazi, wimbo wa kulaza mtoto, Alhamdu. Bibi yangu alikuwa hanijui jina, lakini ukimwekea miyaa mapajani vidole vilianza vyenyewe, na ukikosea mkunjo alikupiga kofi la mkono. Mpe Faida kazi ya mikono katika kila sura. Msomaji atamwona mtu aliyekamilika hata pale maneno yanapomponyoka.

Usimpe daktari wa kutaja jina la ugonjwa. Alois Alzheimer alieleza habari za mgonjwa wake mbele ya madaktari wenzake mwaka 1906, na jina lake likapewa maradhi hayo mwaka 1910, Ujerumani. Hakuna mtu wa barazani Tanga aliyekuwa nalo. Watu wako watasema "uzee", "amerudi utotoni", wengine "ana shetani". Mwalimu wa chuo atakumbusha aya ya 70 ya Sura An-Nahl, inayowataja wanaorudishwa kwenye umri dhalili wakawa hawajui kitu baada ya kuwa wakijua. Wote hao waache waseme, kila mtu kwa sauti yake.

Na kama unataka bibi azidiwe ghafla, kwa usiku mmoja, mpe homa au kiu ya siku mbili za kukimbia. Kusahau kwa uzeeni huenda polepole. Kuchanganyikiwa kwa ghafla huwa na sababu nyingine mwilini. (Hata leo, mzee wako akibadilika kwa siku moja mpeleke hospitali, usiseme ni uzee.)

Hatua ya tatu: maneno yawe saa

Hatua hii nimeipenda kuliko zote, na ni zawadi ambayo Kiswahili chenyewe kimetupa. Maneno yetu yana umri. Neno "hela" limetokana na heller, sarafu ya Kijerumani iliyoanza kutumika mwaka 1904, rupia moja ikawa heller mia. "Shule" nalo ni la Wajerumani, walioifungua shule yao ya serikali Tanga mwanzoni mwa miaka ya 1890; kabla ya hapo mtoto alikwenda chuoni. Mkonge haukuwapo. Garimoshi halikuwapo.

Basi hutahitaji kumwambia msomaji "sasa bibi amerudi mwaka 1888". Mwanaidi anamwambia, "Bibi, nipe hela nikanunue mafuta," naye anajibu, "Nikupe nini?" Neno limedondoka, na miaka kumi imedondoka nayo. Jioni anauliza kwa nini mtoto hajaenda chuoni. Usiku anahesabu mahari ya binti aliyekwisha kuzikwa, kwa reale. Andika daftari lenye safu mbili: tarehe ya nyumba na tarehe ya bibi. Kwa kila onyesho jaza zote mbili, kisha pitia maneno yake moja moja na ufute lililo changa kuliko tarehe yake.

Kuna neno moja la kulitunza kama yai. "Mjinga" hapo zamani ndilo walilomwita mtumwa mgeni aliyeletwa karibuni kutoka bara, ambaye hajajua lugha wala desturi za pwani. Aliyezaliwa pwani utumwani aliitwa mzalia. Jirani akisema dirishani, bila ubaya mkubwa, "Bibi wa watu amekuwa mjinga," yeye amesema amepungua akili. Faida amesikia jina aliloitwa siku aliyoshuka jahazini. Atajibu kama mtoto wa miaka kumi aliye ufukweni. Onyesho hili liandike polepole, na usilifafanue papo hapo. Liache mpaka msomaji ajue mwenyewe sura tano mbele.

Hatua ya nne: vita viingie kupitia mlango wa uani

Mambo ya kijeshi yajue yote, kisha tumia kidogo. Jumatatu tarehe 2 Novemba 1914 asubuhi manowari ya Kiingereza Fox ilifika Tanga ikataka mji usalimu amri, ikatoa muda wa saa moja. Mji haukusalimu. Usiku huo askari walianza kushushwa Ras Kasone; jeshi lililoletwa kutoka India lilikuwa la watu wapatao 8,000, chini ya Jenerali Aitken. Shambulio la tarehe 3 asubuhi lilirudishwa nyuma. Treni za kutoka Moshi zilikuwa zinaleta askari wa Kijerumani, nao wote pamoja hawakuzidi sana elfu moja, na kamanda wao Lettow-Vorbeck akafika kabla ya mapambazuko ya tarehe 4. Vita kubwa ilikuwa alasiri hiyo, kwenye vichaka, kando ya reli na mpaka ndani ya mitaa. Tarehe 5 Waingereza walirudi melini, wakaacha bunduki na risasi nyingi mno. Waliokufa na kujeruhiwa upande wao walipita 800.

Haya sasa yageuze yawe ya nyumbani. Kwa hesabu ya mwezi, Idi Kubwa ya mwaka ule iliangukia karibu tarehe 30 Oktoba, kwa hiyo manowari ilifika ndani ya siku tatu baada ya Idi, ikiwa tarehe 13 hivi ya Mfunguo Tatu. Nyama ya sikukuu bado imeanikwa. Wageni hawajaondoka. Mwezi umejaa, bahari ni bamvua, usiku unaona mbali. Hakuna kitabu cha vita kitakachokupa hilo. Nimelipata kwa kukaa na kalenda mbili mezani.

Hivi ndivyo nilivyoandika asubuhi hiyo:

Bibi hakuinua kichwa. Ukili ulikuwa umefika pima mbili na vidole vilikuwa vinakwenda vyenyewe.

"Bibi, manowari imekuja," Mwanaidi alisema.

"Najua. Ilikuja jana."

"Jana haikuwapo. Imeingia leo asubuhi."

"Jana, ilipompiga mtoto wa Binti Juma pale mwembeni. Ukuta wote ukamlalia. Na wewe unatoka kichwa wazi kwenda kutazama nini?"

Mwanaidi alitaka kusema hamjui Binti Juma. Akakumbuka kaburi dogo lililo nyuma ya mwembe, ambalo bibi hulifagia kila Alhamisi na hajapata kusema ni la nani. Akajitanda kanga, akakaa chini.

"Tufanye nini basi, bibi?"

"Jaza maji kila mtungi, uiweke ndani. Meli hainywi maji ya kisima, lakini watu wakikimbia huvunja mitungi."

Bibi amekosea siku kwa miaka 26, na kuhusu maji amesema kweli. Kila anapokosea tarehe, mpe jambo moja ambalo wenye akili timamu wamelisahau. Si lazima liwe la busara. Hata woga wake unatosha, kama ni woga uliopitia mambo.

Nyuki nao. Walikuwapo kweli: mizinga yao ilitikiswa na risasi, wakawauma askari wa pande zote mbili. Kila anayeandika habari za Tanga huwaleta nyuki, na wengi huishia kuchekesha. Kwetu sisi kuna njia nyingine, maana lugha yetu inaita kwa neno moja kile cha melini na kile cha mtini. Meli ina mizinga, mwembe una mizinga. Mtu akipiga kelele njiani, "Mizinga! Mizinga!", Faida anakwenda kutafuta moshi wa kufukizia, huku wenzake wanalala chini. Nilipoandika hapo nililia, na sijui kama ningeweza kuipata sentensi hiyo kwa lugha nyingine yoyote.

Usimalizie vita tarehe 5. Kwa watu wa kawaida ndiyo kwanza vilianza. Aprili 1915 meli ya mizigo ya Kijerumani iliyojaribu kupenya ulinzi wa Waingereza iliishia ghuba ya Manza, kaskazini mwa mji, ikiungua huku shehena nyingi ikiokolewa. Nguo zikaadimika. Julai 1916 Waingereza wakaingia Tanga. Na katika miaka yote hiyo, pande zote mbili zilikamata wanaume wa kubeba mizigo. Jina la Kariakoo kule Dar es Salaam limetokana na hao wapagazi wa jeshi la Kiingereza, na waliokufa njiani kwa njaa na maradhi ni maelfu kwa maelfu.

Kilele cha riwaya kiweke hapo. Faida amekaa barazani, mstari wa wanaume unapita, wamefungwa kamba ili wasitoroke, na mmoja wao ni baba yake Mwanaidi. Watu wa nyumbani wanaona vita. Bibi anaona msafara wa kwenda Kilwa. Anasimama, mwanamke asiyeweza kusimama bila kushikwa, anawafuata na kuwaita kwa lugha ambayo hakuna mtu wa nyumba ile aliyewahi kuisikia mdomoni mwake. "Mesi! Mesi!" Maji, kwa Kiyao. Anawauliza kama wamepewa maji. Mpagazi mmoja mgeni, Myao, anageuka.

Hatua ya tano: nani asimulie

Fupi tu. Ukimwachia bibi asimulie kitabu kizima utachoka kabla ya msomaji. Ukimwachia mjukuu peke yake, bibi atageuka kitu cha kutazamwa. Mimi nimegawa: sura ndefu za Mwanaidi, na katikati yake sura fupi za bibi zisizo na tarehe, kwa wakati uliopo, kwa sababu kwake hakuna kilichopita. Adabu ibaki. Mwanaidi anaamkia "shikamoo" kila asubuhi, naye bibi anaitikia "marahaba" hata siku ambayo hajui nani kamwamkia.

Andika pia kazi ya kumtunza, bila kuipamba: nguo zenye mkojo alfajiri, uji unaotemwa, mlango unaofungwa kwa kamba ili asitoke usiku wa marufuku, na hatia ya kumfungia mlango mtu aliyewahi kufungwa. Hiyo hatia niliijua. Sisi tulitumia kitasa.

Hatua ya sita: tembea, kisha soma kwa sauti

Nenda Ras Kasone maji yakiwa yametoka, utazame umbali aliotembea askari mwenye mzigo. Ingia boma la zamani mjini lenye makumbusho. Soma utenzi wa Hemedi bin Abdallah wa vita vya Wadachi, yaani Wajerumani, kwa ajili ya lugha hasa. Hapo utasikia watu wa Mrima, pwani yetu hii, walivyosema habari za mizinga wakati ule. Kwa miaka ya Wajerumani, tafuta nakala za Kiongozi, gazeti la Kiswahili lililochapwa Tanga kuanzia 1904. Halafu kaa na mtu anayemuuguza mzee, umsaidie kazi siku nzima kabla hujamwuliza swali lolote.

Sura ya mwisho isimrudishie bibi kumbukumbu. Najua kishawishi kilivyo: anafumbua macho, anamwita mjukuu kwa jina lake sahihi, wote wanalia. Nilimsubiri wangu afanye hivyo na hakufanya. Mwanaidi ndiye abadilike. Afikie mahali pa kuitika kwa jina la dada wa Kiyao, bila kusahihisha, na kumwuliza huko kwao kukoje.

Ukishamaliza, wasomee wazee. Mimi niliwasomea watatu barazani baada ya alasiri, sura moja kila siku. Walinyamaza kwenye maonyesho niliyoyaogopa, na kubishana kwenye niliyoyapuuza. Siku ya nne mmoja aliinua mkono, akaniambia, "Huyu mama hasemi 'dakika tano'. Kaipata wapi saa? Anasema 'muda wa kukuna nazi moja'." Nilirudi nyumbani nikazitafuta dakika zote za Faida. Zilikuwa kumi na moja, na kazi ya kuzitoa ilinichukua mpaka usiku wa manane.